Je, Mtu Anaweza Kumiliki Bahari?



Wapendwa vijana, leo nataka tufikiri pamoja juu ya jambo ambalo mwanzoni linaweza kuonekana la watu wenye hela tu. Swali ni hili: je, ni halali mtu kuchukua kipande cha bahari na kukiweka sebuleni kwake? Sizungumzii lile bakuli la samaki wawili wekundu unaloliona mapokezi hotelini. Nazungumzia akwariamu kubwa ya maji ya chumvi, yenye matumbawe hai, samaki wa rangi zote, na kamba wadogo wanaochungulia kwenye mawe.

Najua majibu mawili yatakuja haraka. La kwanza: "Hela ni zake, nyumba ni yake, sisi inatuhusu nini?" La pili: "Watu wanalala njaa, hiyo ni anasa, basi ni dhambi." Ukiyaangalia vizuri, majibu haya yana kasoro moja. Yote mawili yanafunga swali kabla ya kulitazama. La kwanza linatazama risiti tu, la pili linatazama bei tu. Hakuna aliyemtazama samaki.

Mimi swali hili limenijia nyumbani. Kaka yangu mkubwa anaishi Hamburg, Ujerumani, ni fundi wa mitambo ya kupoza hewa. Sisi ni watoto wa Tanga. Tumekua tukiogelea kila likizo, na yeye ndiye alikuwa mzamiaji; akiibuka alikuwa anatusimulia alichokiona kule chini mpaka tunachoka kusikiliza. Baada ya miaka kumi na moja ya baridi ya Ulaya, siku moja alinipigia simu akasema, "Frateri, najenga bahari." Ndugu zangu huniita frateri pale wanapotaka niwaambie kwamba jambo walilokwisha kuliamua si dhambi.

Sikumjibu siku ile. Nilimwomba kwanza anieleze bahari inajengwaje. Nashukuru niliuliza, maana jibu la swali la maadili mara nyingi limejificha ndani ya jinsi kitu chenyewe kinavyofanya kazi.

Kazi ya kujenga bahari

Tangi lake lina urefu wa sentimita 180, upana 70 na kimo 65. Ukizidisha unapata zaidi ya lita 800. Ongeza tangi dogo lililoko ndani ya kabati la chini, ambako maji hushuka kuchujwa na kupandishwa tena kwa pampu, na jumla inakaribia lita 1,000. Lita moja ya maji ya bahari ina uzito unaozidi kilo moja kidogo. Kwa hiyo pale sebuleni kuna tani nzima ya maji, na bado hujahesabu vioo, mawe na stendi ya chuma. Kabla hajanunua hata kioo kimoja, ilimbidi aombe ruhusa ya mwenye nyumba na kuhakikisha kwamba sakafu itabeba.

Maji ya bomba hayaingii hivi hivi. Yanachujwa kwa mtambo unaoondoa karibu kila kitu kilichoyeyuka ndani yake, halafu inaongezwa chumvi maalumu, kama gramu 35 kwa kila lita. Kwa tangi kama lile hizo ni kilo 35 za chumvi, kabla hujabadilisha maji hata mara moja. Joto linashikiliwa kwenye nyuzi 25 au 26. Zipo pampu za kutengeneza mawimbi, kwa sababu tumbawe halitembei. Linangoja maji yaliletee chakula na kuliondolea uchafu. Zipo taa kali, kwa sababu ndani ya mwili wa tumbawe wanaishi mwani wadogo mno, wasioonekana kwa macho, wanaotumia mwanga kutengeneza chakula na kumgawia mwenyeji wao. Maji ya bahari yakipata joto kupita kiasi, urafiki huo unavunjika, tumbawe linawatoa mwani wake na kubaki jeupe kama mfupa. Ndivyo ilivyotokea mwaka 1998 katika Bahari ya Hindi, pamoja na pwani yetu.

Sasa sikilizeni sehemu iliyonigusa. Ukishapanga mawe, ukajaza maji na kuwasha kila kitu, huweki samaki. Unangoja. Uchafu wa viumbe hutoa amonia, ambayo ni sumu. Bakteria wa aina moja huigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Bakteria wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo ni nafuu zaidi. Jeshi hilo lisiloonekana huchukua wiki kadhaa kuongezeka mpaka litoshe. Ukimwingiza samaki kabla ya wakati, unamwingiza kwenye sumu. Kaka yangu, mtu anayenuna lifti ikichelewa, alinitumia picha za mawe matupu kwa wiki sita mfululizo.

Kuna kumiliki na kumiliki

Mtakatifu Thoma wa Akwino, katika ile sehemu ya Summa Theologiae inayozungumzia wizi, anaanza na swali la msingi zaidi: je, mtu anaweza kweli kumiliki vitu? Jibu lake lina ngazi. Maumbile ya vitu, yaani kile kinachovifanya viwe jinsi vilivyo, yako chini ya Mungu peke yake. Mtu amepewa matumizi. Anaruhusiwa kuwa na mali yake binafsi, kwa sababu watu hutunza vizuri zaidi kilicho chao na mambo yanakwenda kwa utaratibu. Lakini inapofika kwenye matumizi, anapaswa kuishika mali hiyo kama kitu cha wote, awe tayari kumgawia mwenye shida.

Ukikaa mbele ya tangi la matumbawe unaielewa ngazi ile ya kwanza bila kufungua kitabu. Kaka anayo risiti ya kioo, ya pampu, ya taa, hata ya tumbawe lenyewe. Anaweza kulinunua lakini hawezi kuliamuru. Tumbawe linajenga mifupa yake kwa kalsiamu iliyoko majini, kama miligramu 420 kwa lita, na kiasi kikishuka, linaacha kukua, hata mwenye tangi awe nani. Umeme ukikatika usiku, pampu zinasimama, hewa majini inapungua, na samaki wanaanza kuhangaika juu ya maji. Ndiyo maana amenunua betri ya akiba, na simu yake inampigia kelele joto likibadilika. Akisafiri lazima atafute mtu wa kumwachia. Sasa mtu anayeamka saa nane za usiku kwa ajili ya konokono, ni bwana au ni mtumishi?

Kitabu cha Mwanzo, sura ya 2, kinamweka mtu bustanini na kumpa kazi ya kuilima na kuitunza. Tunapenda kukumbuka kwamba tulipewa mamlaka. Tunasahau kwamba mamlaka yale yalikuja na jembe.

Lakini nani alikutuma?

Hapa mtu mwenye akili atanisimamisha. Atasema: "Frateri, unamsifu kaka yako kwa kumhudumia samaki. Lakini samaki huyo baharini alikuwa anajihudumia mwenyewe. Mtu akimfungia mtoto wa mwenzake chumbani, halafu akampikia chakula kizuri kila siku, tutamwita mkarimu?"

Pingamizi hili ni zito, na nalikubali kwa sehemu kubwa. Samaki si mtoto wa mtu, ana hadhi nyingine. Lakini hoja inabaki: kutunza vizuri hakuhalalishi jinsi ulivyopata. Shida uliyoitengeneza mwenyewe haikupi sifa pale unapoitatua. Kwa hiyo kabla ya kuuliza "anatunzwaje?" tunalazimika kuuliza "ametoka wapi?"

Kwa matumbawe kuna habari njema. Tumbawe ni kama mti wa muhogo: unakata kipande, unakibandika juu ya jiwe, kinakua. Miaka ya 1980 mfugaji mmoja wa Berlin, Dietrich Stüber, alikuza nyumbani kwake tumbawe la jamii ya Acropora, na vipande vyake vikapita mkono kwa mkono hadi kwa wafugaji wengi. Leo mtu anaweza kujaza tangi lake kwa matawi yaliyozaliwa kwenye matangi mengine, bila kuvunja mwamba wowote baharini. Hata yale yanayotoka baharini, biashara ya kimataifa ya matumbawe magumu iko chini ya mkataba wa CITES na inahitaji vibali. Kaka alichagua yaliyokuzwa tu.

Samaki ni kesi ngumu zaidi. Wale wa rangi ya chungwa na mistari myeupe, ambao tangu filamu ya mwaka 2003 kila mtoto anawaita Nemo, wanazalishwa kwenye matangi bila shida kubwa. Lakini aina nyingi za samaki wa mapambo wa maji ya chumvi bado zinavuliwa baharini. Na uvuvi huo una sura mbili. Huko Ufilipino tangu miaka ya 1960, na baadaye Indonesia, wapo waliotumia sianidi, sumu inayomlevya samaki ili ashikike kirahisi na inayoua matumbawe yaliyo karibu. Papa Fransisko, katika waraka wa Laudato Si' wa mwaka 2015, namba 41, anautaja uvuvi huo wa sianidi pamoja na wa baruti, na anakumbuka kilio cha maaskofu wa Ufilipino katika barua yao ya mwaka 1988. Sisi wa Tanga mlio wa baruti hatuhitaji kuelezwa. Sura ya pili ni mvuvi anayezamia na kavu ndogo ya mkono, anachukua samaki mmoja mmoja, na anapata riziki yake kwa sababu mwamba uko hai. Mtu wa namna hii ana kila sababu ya kumkataza mwenye baruti.

Siku moja kaka alinipigia kwa video akiwa dukani. Alikuwa amemwona samaki wa jamii ya kangaja, mwili wa bluu ya mbinguni, pezi la mgongoni la njano, uso mweusi. Kibandiko kiliandikwa: Kenya. Sauti yake ilibadilika. "Mdogo wangu, huyu ni jirani yetu. Bahari ile ile. Huyu na mimi wote tumetoka kule."

Naomba msimcheke. Mtu aliyekaa ugenini miaka kumi na moja anaelewa. Nilimuuliza jambo moja tu: alivuliwaje? Akamuuliza muuzaji. Muuzaji akasema hajui, analetewa na msambazaji. Na msambazaji? Naye hajui.

Wanafalsafa wa maadili wanatofautisha aina za kutojua. Kuna kutojua ambako mtu hawezi kukuondoa hata akijitahidi, huko hakumhukumu. Na kuna kutojua ambako mtu anakulinda, kwa sababu akijua itambidi abadilike. Thoma anasema huku kwa pili hakumwondolei mtu lawama, maana kunatoka kwenye utashi wake mwenyewe. Mnyororo wa biashara ambao kila mmoja anasema "mimi naletewa tu" ni kutojua kulikopangwa vizuri. Mwishoni hakuna mwenye hatia, na mwamba umekufa.

Kuna upande wa pili pia, nao nauheshimu: huenda samaki yule alivuliwa kwa kavu ya mkono na kijana wa pwani mwenye ada ya kulipa, na kumkataa ni kumnyima kijana huyo riziki. Ndiyo maana sikusema "usinunue kamwe kilichotoka baharini". Nilisema kwamba anayenunua kiumbe hai ana wajibu wa kuuliza, na asipopata jibu, shaka imnufaishe asiyeweza kujisemea. Tena kangaja ni samaki wa kuogelea kutwa nzima, na lita 800, ambazo kwetu ni nyingi, kwake ni korido. Kumtamani kwa sababu unaikumbuka nyumbani ni jambo la kibinadamu kabisa. Lakini kumfanya kiumbe mwingine aishi ugenini ili ugenini wako upungue, hapo unamtumia. Kaka alikaa kimya muda mrefu. Akaondoka bila yule samaki. Mpaka leo ananitajia.

Paa la mama

Sasa turudi kwenye lile jibu la pili, la njaa na anasa, maana sijalikwepa. Bahari ile imemgharimu karibu Euro 7,000, alizozidunduliza kwa miaka mitatu. Mama alipopata habari hakuuliza kuhusu samaki. Alisema, "Bahari mimi ninayo hapa, bure. Ninachokosa ni paa la jiko."

Aristotle, katika kitabu cha nne cha Maadili ya Nikomako, anataja fadhila ambayo siku hizi tumeisahau: ujuzi wa kutumia fedha nyingi kwa jambo kubwa na zuri. Si kila matumizi makubwa ni ubadhirifu, anasema. Lakini mwenye fadhila hii hujulikana kwa mambo ya wote kuliko yake binafsi, na matumizi yake yanalingana na uwezo wake. Asiye nayo hutumia ili aonekane.

Kwa Mkristo kuna sharti lingine linalotangulia: haki huja kabla ya ukarimu na kabla ya urembo. Mama anadai kwa haki. Uzuri hauwezi kujengwa kwa fedha ambayo tayari ni ya mtu mwingine. Kaka aliezeka jiko kwanza, na tangi likakaa bila taa miezi minane. Mama anapikia chini ya bati jipya, na bado anaona mwanawe amepotea njia. Sidhani kwamba nina haki ya kumwambia amekosea. Yeye anapima kwa miaka ambayo hakuwa na kitu, na mizani yake ni ya kweli.

Lakini nasema hivi pia: hatuwezi kusema kwamba kila senti isiyonunua unga imeibwa. Watu maskini wa parokia zetu wamejenga makanisa mazuri kwa michango ya mia mia, na hawakujiona wameibiwa. Mtu anahitaji mkate, na anahitaji pia kitu cha kukistaajabia. Kinachoharibu ni pale uzuri unapofungiwa ndani ya ukuta wa mtu mmoja. Ndipo ngazi ya pili ya Thoma inapotudai: je, unakishika kama cha wote? Bibi mmoja mjane wa ghorofa ya juu hushuka Jumamosi kutazama samaki, anakaa saa nzima. Matumbawe yakikua kaka anakata vipande anawapa wanaoanza, hauzi. Hapo naona tangi linaanza kujitetea.

Na wewe usiye na tangi

Pengine umesoma hadi hapa ukisema, mimi nimepanga chumba kimoja Mbagala, haya yananihusu nini? Yanakuhusu, kwa sababu sote tunafanya jambo hili kwa namna nyingine. Tunataka vizuri viwe karibu yetu. Binti mzuri tunataka awe wetu kabla hatujamjua. Rafiki mwenye kipaji tunataka atutumikie. Hata Mungu tunataka tumweke kwenye kona ya Jumapili, ndani ya kioo, tumwangalie tukipenda na tuzime taa tukichoka.

Thoma anasema Mungu aliumba viumbe wengi na tofauti kwa sababu wema wake hauwezi kuonyeshwa vya kutosha na kiumbe kimoja. Kinachopungua kwa huyu kinajazwa na yule. Kama ni hivyo, kila kiumbe kina neno la kutuambia kabla hakijawa na kazi ya kutufanyia. Wiki sita za kutazama mawe zilimfundisha kaka yangu kusikiliza kwanza. Wewe unaweza kujifunza hilo bila kioo na bila Euro: kwa mtu unayempenda, kwa mdogo wako mwenye tabia ngumu, kwa sala isiyokupa hisia yoyote.

Kabla hujasema "hiki ni changu", jiulize kilitoka wapi na nani alilipa gharama. Jiulize nani anakidai kwa haki kabla yako. Kisha jiulize kama uko tayari kuamka usiku kwa ajili yake, na kumgawia mwingine kinapozaa. Ukijibu kwa uaminifu, mambo mengine utayaacha dukani, kama kangaja yule, na moyo utauma kidogo. Hakuna ubaya. Moyo unaouma kwa kuacha kitu kizuri mahali pake bado unakipenda.

Niwekeeni maoni yenu, hasa ninyi wa pwani, na msiogope kunipinga. Tuombeane.

Tumsifu Yesu Kristo.